Shomari Aliponiambia Nipime Maji

Usiku ule nililala na ovaroli, kwa sababu kufungua vifungo kulitaka nguvu ambayo sikuwa nayo. Nilikaa ukingoni mwa kitanda kwa nia ya kuvua viatu tu, ninyooshe mgongo kidogo, kisha niende nikaoge. Sikuoga. Usingizi ulinikuta na kiatu kimoja mguuni.

Kabla sijaeleza niliyemwona, afadhali nieleze nilichokuwa nimekichokea.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Kilosa. Kazi hii nilifundishwa na mume wangu, Shomari. Mashine yetu hushika chuma kwa taya zake ikakizungusha kwa kasi, nami nakisogezea kisu kigumu kikimenye kidogo kidogo mpaka kifikie unene ninaoutaka. Ndivyo tulivyotengeneza shafti za mashine za kusaga, bushi za matrekta, na vitu vingine ambavyo mtu asiye fundi huviona pale tu vinapoharibika. Nyumbani Shomari aliniita Mama Salha. Tukiingia kazini aliniita fundi, hata mbele ya wateja waliokuwa wanataka kuhudumiwa na yeye.

Alifariki miezi kadhaa kabla ya masika. Mwenye fremu ya sokoni tulimofanyia kazi akaitaka fremu yake, na shemeji yangu Idi, mdogo wake Shomari, akanihamishia mashine nyumbani, kwenye banda alilolijenga uani. Sakafu ya zege aliimwaga mwenyewe. Nilipotoka eda niliikuta mashine imesimama mahali pake, imefutwa vumbi, imefungwa boliti, na umeme umeunganishwa. Nikaanza kazi.

Vipande vifupi vilitoka vizuri. Nikatengeneza bushi, nikatengeneza pini, wateja wakarudi. Kisha akaja Bi Tabu, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji kimoja ng'ambo ya reli. Shafti ya pampu yao ya kisima, ile fimbo ya chuma inayoizungusha, ilikuwa imekatika, na alitaka nimkerezee mpya. Nikamkerezea. Ilikuwa ndefu, ya kwanza ndefu tangu mashine ihamie pale. Wakaifunga, maji yakatoka, na baada ya muda mfupi beringi zikashika moto na pampu ikasimama tena.

Bi Tabu aliirudisha ile shafti akiwa ameifunga kwa kanga, kama mtu aliyebeba kitoto. Aliiweka juu ya meza yangu bila ukali wowote.

"Fundi, sikuja kukulaumu," alisema. "Ila watu wamerudi mtoni. Na yale maji ya mtoni unayajua. Watoto wameanza kuharisha."

Nilichukua kipimo nikapima. Ncha moja ya shafti ilikuwa na unene niliotaka. Ncha ya pili ilikuwa nyembamba zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo, jicho haliwezi kuiona, lakini beringi huiona. Juu ya chuma chote kulikuwa na vijistari vya mawimbi, alama ya kwamba kisu kilikuwa kinatetemeka wakati wa kumenya.

"Nitakutengenezea nyingine," nilimwambia.

"Kama haiwezekani, useme," alijibu. "Kushindwa si aibu. Tutatafuta hata Morogoro, ingawa huko sijui tutasubiri mpaka lini."

Nikaanza kuutafuta ugonjwa. Nilinoa kisu upya, nikakipandisha, nikakishusha, nikakifunga kwa ufupi zaidi kisipate nafasi ya kuyumba. Chuma kikatoka na mawimbi yale yale. Nilifungua beringi za mashine, nikaziosha kwa mafuta ya taa, nikazipaka grisi mpya. Nilikaza mkanda wa mota. Nilikisogeza kichwa cha nyuma, kile kinachoegemeza ncha ya pili ya chuma kirefu, mpaka nikahakikisha kimetazamana sawa na cha mbele. Nikakereza. Ikatoka nyembamba upande mmoja. Nikakisogeza tena kufuata kosa, ikatoka afadhali, nikashukuru Mungu. Kesho yake nikaweka chuma kingine bila kugusa kitu, na kosa likawa limerudi kwa sura nyingine.

Hapo ndipo moyo ulipoanza kuvunjika. Ugonjwa unaotulia mahali pamoja, fundi ataufikia. Huu ulikuwa unahama. Na kwa kuwa nilishagusa kila kitu kwenye mashine, kilichobaki sasa ni mimi. Nilianza kuitazama mikono yangu. Nikaona inatetemeka asubuhi kabla sijanywa chai. Nikajiambia kwamba labda miaka yote ile kazi ilikuwa inanyooka kwa sababu Shomari alikuwa amesimama nyuma yangu, na mimi nilikuwa nashika tu usukani wa gari linaloendeshwa na mwingine. Mtu akichoka, mawazo kama hayo humwingia bila kubisha hodi.

Siku ile niliharibu chuma kingine. Nilizima mashine, nikaegemea ukuta, na Idi aliyekuwa amepita kunisalimu akanikuta hivyo.

"Shemeji, iache," alisema. "Tuiuze. Kuna watu wanaitaka. Wewe pumzika."

Nilifuta mikono kwa kitambaa. Si kwamba nilikasirika. Nilikuwa nimeshakubali. Nikaingia ndani, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

Nikajiona natembea juu ya reli. Nilikuwa nimebeba shafti begani, ndefu kuliko zote nilizowahi kukereza, na uzito wake ulikuwa unanikata bega. Jua lilikuwa la asubuhi. Nilitaka kuitua nipumzike, lakini nilijua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba nikiitua sitaweza kuiinua tena. Nikaendelea kukanyaga mataruma ya reli. Baadaye nikahisi uzito umepungua. Nikageuka kutazama kwa nini.

Shomari alikuwa ameshika ncha ya nyuma. Alikuwa amevaa ovaroli yake ya bluu, na mwili wake ulikuwa umerudi, mashavu yamejaa, shingo imejaa. Sikushtuka. Nilimwona kama mtu aliyechelewa kidogo kazini. Nilitaka kumwuliza alikuwa wapi siku zote hizo, lakini alinionyesha kwa kidevu nitazame mbele, kwa kuwa njia ilikuwa inapanda.

Tukapanda kile kilima cha kijijini kwa Bi Tabu, chenye tangi la maji juu yake. Halafu hakukuwa na kilima, kulikuwa na wodi. Tuko kwenye korido ya hospitali, vitanda viko pande zote mbili, na shafti bado iko mabegani mwetu. Tunapita polepole tusimgonge mtu. Kitanda cha mwisho ni kile alicholalia yeye alipokuwa akiugua. Kimetandikwa shuka safi, hakina mtu. Anakipita bila kukitazama. Mimi nakitazama, naye ananisubiri nimalize.

Tunatoka kwa mlango wa nyuma, na nje ya mlango ndipo ilipo mashine yetu. Haina banda, haina ukuta, imesimama kwenye sakafu ya Idi mahali peupe. Kina mama wa kijiji wamekaa chini kuizunguka, kila mmoja na ndoo yake mapajani. Bi Tabu yuko katikati yao. Tunaitua shafti, na Shomari anaanza kuikagua mashine.

Anaikagua kama alivyokuwa akiikagua siku zote, bila haraka. Anapitisha ukucha kwenye makali ya kisu. Anaitikia kwa kichwa. Anazizungusha taya kwa mkono, ameinamisha sikio, anasikiliza beringi. Anaitikia. Anabonyeza mkanda kwa kidole gumba. Anashika kichwa cha nyuma kwa mikono miwili, anakisukuma, anakivuta, hakichezi. Anaitikia. Kila anapoitikia mimi naona haya zaidi, kwa sababu najua mwisho wa ukaguzi ni wapi. Vyote vikiwa vizima, kinachobaki ni mtu.

Nampa mikono yangu kabla hajaiomba. Naiweka mbele yake, viganja juu. Inatetemeka. Anaishika, anaigeuza upande na upande, anatazama makovu ya vipande vya chuma vya moto, mengine aliyatibu yeye mwenyewe kwa asali. Anachukua muda mrefu kuliko aliouchukua kwenye mashine.

"Mizima," anasema.

Machozi yananitoka, nashindwa kuyafuta kwa sababu bado ameishika mikono. Kisha anaiachia, anainama, anapitisha kiganja chake chini ya mashine, kwenye miguu yake, pale mimi nisipowahi kupeleka mkono.

"Fundi," ananiita. "Pima maji."

Nadhani ana kiu. Siku zake za mwisho alikuwa akiomba maji na hawezi kuyameza, nikawa namlowesha midomo kwa pamba. Kwa hiyo sasa nakimbia. Nachukua kikombe cha bati, nawaendea kina mama, natazama ndoo moja, ni kavu, natazama nyingine, ni kavu. Nawaomba samahani. Bi Tabu anainamisha ndoo yake polepole, anaiinamisha sana, mpaka kutoka mahali nisipopaona maji yanaanza kuchuruzika na kikombe kinajaa. Narudi nayo nimeyashika kwa mikono miwili, natembea kama anayetembea juu ya mayai.

Anakipokea kikombe. Hanywi.

"Si mimi," anasema.

Anayamimina juu ya reli za mashine, zile njia mbili za chuma ambazo kisu huteleza juu yake. Maji yanapaswa kutulia. Hayatulii. Upande wa mbele yanabaki kidogo, lakini upande wa nyuma yanakimbia yote kwenda kona ya ukutani, ingawa ukuta haupo. Yanadondoka sakafuni, yanaingia chini ya zege, na kule chini yanatoa mlio wa kitu kinachoanguka ndani ya shimo. Shomari analala kifudifudi, anaweka shavu lake kwenye zege, anasikiliza. Nami nalala kando yake. Zege ni la baridi na nimechoka. Nahisi kwamba nikifumba macho pale nitalala usingizi ambao sijalala tangu alipougua, na sitaki tena chochote, sitaki shafti, sitaki pampu. Nayafumba.

Mkono wake unanigusa begani.

"Hapa si mahali pako pa kulala," anasema. "Amka."

Niliamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha na dirisha lilikuwa limeshapata weupe. Kiatu kilikuwa bado mguuni. Nilibaki nimelala chali, shavu langu moja la baridi, nikiyarudia maneno yake nisije nikayasahau. Mizima. Pima maji. Si mimi. Kwanza niliyachukua kama mtu wa dini angeyachukua. Nikafikiri marehemu anataka sadaka ya maji, nikawa napanga nani nimtume akachote, nimpe nani.

Nilikuwa nimekaa kunawa uso ndipo ufahamu uliponijia, nikaacha maji yakichuruzika mkononi. Shomari hakuwa amesema nimpimie yeye maji. Alikuwa anataja kifaa. Pima maji ni kile kipande kirefu cha bati au mbao chenye kichupa cha maji katikati, waashi wanakiweka juu ya ukuta na kutazama povu lililomo, wajue kama ukuta umelala sawa. Nasi tulikuwa nacho, kimetundikwa nyuma ya mlango wa banda. Tangu nianze kazi pale sikuwa nimekigusa. Idi alikitumia siku alipoisimamisha mashine, ardhi ikiwa bado kavu kabla ya mvua, akaona iko sawa, nami nikaona hilo limekwisha.

Nilikwenda bandani bila kunywa chai. Nikaweka pima maji kwa kukingama juu ya reli za mashine upande wa mbele. Povu likakaa katikati. Nikakipeleka upande wa nyuma. Povu likaikimbia kona ya ukutani na kugota upande wa pili, maana povu hukimbilia juu, na kona ile ilikuwa imezama.

Asiyeijua kazi hii atashangaa. Mashine ile ni chuma kitupu, watu wazima wanaohitajika kuisogeza ni wengi, nawezaje kusema imejipinda? Lakini chuma nacho huchoka. Mguu mmoja ukikosa pa kukanyaga, mwili wote hujinyonga kidogo, kama mtu aliyelala vibaya. Hapo kisu hakiwezi kwenda sambamba na chuma kinachomenywa, na ule mguu unaoelea ndio unaoleta mtetemo. Nilikuwa nimeitibu mikono na kichwa, ugonjwa ukiwa unyayoni. Na ulikuwa unahama kwa sababu ardhi chini yake ilikuwa bado inahama kwa mvua.

Nilimwita Idi. Hilo lilikuwa gumu kuliko kukereza. Sakafu ile aliimwaga akiwa na msiba wa kaka yake, nilimwona kupitia dirisha akichanganya zege huku akijifuta uso kwa bega. Nilimwonyesha povu. Akalitazama, akakigeuza kifaa, akalitazama tena.

"Sakafu hii niliimwaga mimi," alisema.

"Najua, shemeji. Na uliimwaga vizuri. Twende nje."

Tukaizunguka ile kona. Maji ya mvua yanayoshuka kwenye bati la paa yalikuwa yamechimba mfereji chini ya msingi, mkono wangu uliingia mpaka kiwiko. Idi alichuchumaa pale muda, kisha akainuka kwenda kuchukua mtaimbo na sururu. Hakusema tena habari ya kuuza. Tulivunja kona ile, tukashindilia mawe na zege jipya, akachimba mtaro wa kuyapeleka maji ya bati mbali. Tukaliacha zege likauke vizuri, ingawa Bi Tabu alipiga simu kuuliza na nikalazimika kumwambia asubiri tena. "Tumeshazoea," alisema, na neno hilo liliniuma kuliko kama angegomba.

Lilipokauka niliweka vipande vya bati la chuma chini ya miguu, nikakaza boliti kidogo huku, kidogo kule, nikirudi kutazama povu, mpaka likatulia katikati mbele na nyuma. Nikanoa kisu. Nikafunga chuma kirefu. Mashine iliponguruma niliweka kiganja juu ya reli zake, nikaona haitetemeki. Chuma kilimenyeka kwa nyuzi ndefu, za bluu kwa joto, na kilichobaki kilikuwa laini kama kimepakwa mafuta. Nikapima ncha ya kwanza. Nikapima ncha ya pili. Nikarudia kupima, kwa sababu siku hizo sikuwa najiamini hata kusoma kipimo. Zilikuwa sawa.

Idi ndiye aliyeipeleka shafti kijijini na kusaidia kuifunga. Pampu inafanya kazi mpaka leo ninapoeleza haya.

Mama mkwe wangu naishi naye. Yeye sikumwambia mpaka mambo yote yalipokwisha. Nilimkuta sebuleni anachambua mchele, nikakaa mkekani kando yake, nikamwambia kwamba nilimwota Shomari, na kwamba kilichoiponyesha mashine ni maneno yake. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nilimweleza yote, reli, wodi, kikombe, kona. Nilifikiri ataniuliza tafsiri, au atasema tumwite shehe asome dua. Mashine hakuiulizia kabisa.

"Alikuwa anakohoa?" aliuliza.

Nikaelewa. Miezi ile ya mwisho Shomari alikuwa hawezi kumaliza neno bila kikohozi kumkatiza, na mama yake alikuwa akilala na mlango wazi ili amsikie. Mwanawe alipoondoka, mlango ule uliendelea kubaki wazi. Nilikuwa nikipita mbele yake kila usiku nikiona macho yake yako wazi gizani, naye akijifanya amelala.

Nikaipitia ndoto yangu yote tena, tangu kwenye reli. Alipanda kilima na chuma begani. Alisema. Alilala kifudifudi kwenye zege la baridi.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hakukohoa."

"Hata alipolala?"

"Hata alipolala."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mchele wake mpaka ukaisha. Jioni alikula kidogo, akaniaga, akaingia chumbani kwake. Nilikuwa bado naosha vyombo niliposikia mlango wake ukifungwa.